Siku moja ya fundi wa dashibodi: mshale upo, namba hazisomeki

Saa 12:40 asubuhi, Gerezani, Dar es Salaam. Ukimwambia mtu unatengeneza dashibodi, swali huwa moja: "Kumbe nyie ndio mnarudisha kilomita?" Hapana. Wanaorudisha nyuma namba za kilomita ili gari lionekane halijatembea sana wapo, na wametuchafulia jina sote. Kazi ya fundi rewaya wa dashibodi ni kuhakikisha dereva anaona namba iliyo mbele yake, na kwamba namba hiyo ni ya kweli.

Saa 1 hadi saa 4 zinapita kwa mkupuo: daladala yenye taa ya oili isiyozimika (swichi ya presha), Noah yenye geji ya mafuta iliyogoma, IST mbili. Mwenye IST ya pili anataka 148,000 isomeke 80,000. Karudishiwa funguo yake.

Saa 4:20 simu inalia. Ni kijana anayewatembeza wageni. "Fundi, kuna gari-nyumba la Wamarekani huku Kigamboni, spidomita imekufa." Gari-nyumba ni kitanda, jiko na choo juu ya chasisi ya van kubwa. Halileteki Gerezani, maana kwenda juu linapita mita 3 na nyaya za vichochoroni zitalivua paa. Kwa hiyo begi ndilo linalosafiri: soketi ya milimita 7, bisibisi za nyota, mita ya umeme, balbu 10 ndogo za dashibodi (T10), raba ya penseli, kitambaa laini, sabuni ya vyombo kwenye kichupa, stika za kung'aa za rangi mbili. Bodaboda hadi Magogoni, kisha panton. Kivuko cha kwanza kinajaa mbele ya macho, cha pili kinachelewa, jua linapanda.

Saa 6 kasoro tunafika, na spidomita haijafa. Gari likisogea, mshale unapanda vizuri. Tatizo ni kwamba mzee anayeendesha hausomi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na fundi asiyeyatofautisha atauza klasta nzima (kile kisanduku chenye geji zote) bila sababu.

Kabla ya kushika bisibisi, mwenye gari anakaa kwenye kiti chake, mgongo ulivyozoea, miwani anayoendeshea usoni. Halafu anasoma kwa sauti anachokiona. Hapa yalijitokeza mambo matano, na hakuna hata moja lililokuwa la mshale.

Namba kubwa za nje ni maili. Kilomita ziko duara la ndani, ndogo kama za saa ya mkononi, na Tanzania ndizo zinazohitajika: 50 mjini, na 80 nje ya mji kwa gari linalozidi tani 3.5, kama hili. Ukingo wa usukani unafunika kipande cha kati cha duara. Kioo cha plastiki kimepata ukungu. Juu ya dashibodi kuna kitambaa cheupe walichotandika wenyewe, na kioo cha mbele cha gari hizi ni kikubwa, hivyo mchana weupe wote unarudi kwenye namba. La tano ni miwani: ina vipande viwili, na cha chini ni cha kusomea kitabu, takribani sentimita 40 kutoka jichoni. Dashibodi iko sentimita 70 au zaidi. Akiinamisha macho, anaiangalia kwa kioo kisichohusika. Hilo ni la daktari wa macho, na tulimwambia hivyo hivyo.

Kitambaa cheupe kikatolewa, kikawekwa cheusi kisichong'aa. Usukani ukashushwa tundu moja kwa wenzo wake. Nusu ya tatizo imeondoka bila shilingi kutumika, na hapo ndipo mwenyeji, yule kijana aliyepiga simu, alipoanza kuwa na wasiwasi.

"Fundi, sasa mbona hujafungua kitu?"

"Kaka, nafungua sasa hivi."

"Dakika ngapi? Babu anataka kuogelea."

Kufungua kwenyewe kuna mpangilio. Breki ya mkono, vigingi kwenye tairi, hasi ya betri inatoka. Gia iko kwenye usukani, kwa hiyo wenzo unashushwa hadi namba 1 ili usizuie fremu kutoka. Fremu ina vibanio vya plastiki, na gari ni la 1994: plastiki ya umri huo ikivutwa kwa hasira inakatika. Nyuma yake skrubu 4 za milimita 7. Klasta ikianza kuja, SIMAMA. Kuna kebo nyembamba inayosogeza alama ya gia. Inachomolewa kwanza kwenye ndoano yake. Wengi huikata hapa, halafu dereva anabaki hajui kama yuko kwenye rivasi.

"Dakika ngapi, fundi?"

Balbu ziko 5, mbili zimekufa na tatu zimekuwa nyeusi kwa ndani. Vishawishi viwili huanzia hapo. Cha kwanza ni kuweka balbu za wati 5 mahali pa zile za karibu wati 4. Joto linaongezeka, soketi zinalainika, na baada ya muda plastiki ya rangi inaungua. Cha pili alikileta mwenyeji: "Weka za bluu, fundi, kama za Alphard." Hapana. Mwanga wa bluu usiku unamtesa mtu wa miaka 70, kingo za namba zinakuwa kama zina moshi. Ziliwekwa LED nyeupe zisizo kali, zinazomwaga mwanga pembeni. Zile zinazomulika mbele tu huacha doa moja kali na giza kuzunguka. LED ina chanya na hasi: isipowaka, igeuze kabla ya kuilaumu.

Moja haikuwaka hata ilipogeuzwa. Mwenyeji akapiga simu kwa bosi wake, akasema fundi kaharibu. Chanzo kilikuwa kutu ya kijani kwenye njia ya shaba ya ile karatasi ya plastiki inayopitisha umeme, mgongoni mwa klasta. Raba ya penseli, inasuguliwa taratibu mpaka shaba ing'ae, vimasikio vya soketi vinainuliwa kidogo, inawaka. Simu ya pili ya kumtaarifu bosi kwamba imewaka haikupigwa.

Kioo kilioshwa kwa maji na matone ya sabuni, kikafutwa bila kugandamizwa. Dawa ya meno, ambayo kila gereji inaisifia kwa taa za mbele, inachora mikwaruzo juu ya namba. Petroli na thina zinaleta nyufa kama utando wa buibui. Na mshale hauguswi. Ukizungushwa hata kidogo, sifuri yake imepotea.

Saa 9, au tuseme 9 na ushei, mgongo umeshakataa kukunjika. Tunatoka barabarani kuelekea Kibada, simu yenye GPS imewekwa kwenye nguzo ya kioo. GPS inahitaji kuona anga na inachelewa kidogo ukifunga breki, hivyo unashikilia mwendo mmoja ndipo unalinganisha. Mshale: 50. GPS: 52. Mara tatu, vilevile. Spidomita ikitoka kiwandani huwa inadanganya kwa kuzidisha. Hii inapunguza, na hapo ndipo tochi za matrafiki zinapomshangaza mtu. Jibu lilikuwa kwenye tairi za nyuma, maana kihisi cha spidi kiko kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma): 245/75R16 mahali pa 225/75R16. Kipenyo kimeongezeka kutoka milimita 744 hadi 774, asilimia 4. Akiona 80, yuko 83.

Ndiyo maana stika huja mwisho. Mwendo halisi wa kilomita 50 ni maili 30 kwenye mshale huu, na wa 80 ni maili 48. Mzee alikaa, kidole kikatembea juu ya kioo mpaka akasema hapo. Ukibandika ukiwa umesimama pembeni, alama inahama kwa upana mzima wa mshale. Njano kwenye 30, nyekundu kwenye 48. Hahitaji tena kusoma namba, anaangalia mshale umefika rangi gani.

"Stika tu?" mwenyeji akauliza. "Na hela yote hiyo?"

Kusubiri giza kulikuwa kurefu kuliko kazi, ila mwanga wa dashibodi haupimwi mchana. Karibu saa 1 usiku taa zikawashwa, swichi ya kupunguza mwanga ikazungushwa mpaka namba zisomeke bila kuakisi kwenye kioo cha dirisha. Mzee akasoma zote, kilomita na maili, kidevu chini kidogo kama alivyoelekezwa, ili atazame kwa kipande cha juu cha miwani.

Panton ya kurudi imejaa wauza samaki na ndoo zao. Kuna ujumbe wa mwenye IST: "Fundi, nikikuongeza elfu ishirini?" Simu imerudi mfukoni, pamoja na zile balbu tano.