Mata Hari wa kwenye tandiko

Mvua haijakatika tangu asubuhi, nami nimeshinda ndani nikisoma habari za Margaretha Zelle, binti wa Leeuwarden, Uholanzi. Dunia inamjua kama Mata Hari, mcheza dansi. Wanaomwandika wengi hukimbilia ujasusi na risasi za Vincennes, Ufaransa, alikouawa kama jasusi Oktoba 1917. Mimi nimenasa kwa farasi.

Mwaka 1903 aliingia Paris hana mbele wala nyuma. Alikuwa ameachana na mume mwanajeshi aliyemzidi miaka 20, na huko nyuma, katika maisha yao ya ng'ambo kwenye makoloni ya Kiholanzi, alikuwa amemzika mwanawe Norman, mtoto wa miaka miwili. Akajaribu kukaa mbele ya wachoraji wamchore. Kisha akapata kazi kwenye sarakasi ya Ernest Molier, akipanda farasi kwa jina la Lady MacLeod, MacLeod likiwa jina la mumewe. Sarakasi yenyewe haikuwa ya hema la kuzungushwa mji hadi mji. Ilikuwa ya mabwana wakubwa, matajiri waliojifunza michezo na kuwaonyesha matajiri wenzao.

Kupanda farasi alikujua kwelikweli. Hilo ndilo linalonikaa moyoni, kwa sababu karibu kila kilichofuata alikitunga. Tarehe 13 Machi 1905 alicheza katika jumba la makumbusho la Guimet, mbele ya sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, akivua shela moja baada ya nyingine. Akasema amezaliwa India, amelelewa hekaluni. Paris ikameza yote. (Wahindi wenyewe nani aliwauliza?) Mwaka uliofuata alikuwa Monte Carlo, ndani ya opera ya Massenet, mtunzi wa Kifaransa, na msimu wa 1911 kuingia 1912 akapanda jukwaa la La Scala, jumba la opera la Milano.

Watu humwita mwongo, na kweli alikuwa mwongo. Lakini mpanda farasi hodari alikuwepo pale pale Paris, na hakuna aliyepigania tiketi yake. Walitaka kuhani wa kike wa kubuni, wakauziwa. Ningekuwa mimi, na kodi ya chumba inanisubiri, sijui kama ningebaki na farasi.

Kisha akamwendea Diaghilev, akitaka kuingia kwenye kundi lake la baleti la Kirusi. Wachezaji wa pale wengi walikuwa wamepigishwa mazoezi tangu utotoni; yeye alikuwa ameshapita miaka 35. Ya hekaluni hayakumsaidia kitu. Hakuchukuliwa.