Jibu ninalodaiwa na papa wa mitumbwi

Jana alfajiri nilishuka Ziwa Kivu, hapa Bukavu, kununua sambaza, samaki wetu wadogo kama dagaa, kabla mama wa soko la Kadutu hawajawachukua wote. Papa mmoja, yaani baba mvuvi tunayefahamiana tangu zamani, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka upande wa Idjwi, mitumbwi yake mitatu bado imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Usiku kamba yenye jiwe ilimponyoka ikashuka yote. Alipoivuta ilikuja na tope jeusi, laini kama masizi yaliyokorogwa na mafuta.

“Mwalimu, nusa.”

Yai bovu. Nililipaka tope hilo kwenye kidole, na hata baada ya kunawa kwa sabuni harufu haikutoka.

“Huko chini hakuna kinachoishi,” akasema. “Na bahari je? Kwa kina chake kile, si ndiyo kaburi zaidi?”

Nikamwambia hapana, papa, bahari si hivyo. Wanunuzi wakafika, akageukia mizani yake, nami nikapanda mlima na jibu likiwa nusu. Limenikalia kichwani siku nzima.

Wazo lake wasomi pia walikuwa nalo. Katika miaka ya 1840 Mwingereza Edward Forbes aliamini kwamba chini ya mita 550 hivi baharini uhai unakwisha. Ukitazama Kivu ungempa haki: ziwa lina kina cha karibu mita 480, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi. Maji ya chini yana chumvi na gesi nyingi kutoka chemchemi za ardhini, ni mazito, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Humo wamebaki vijidudu tu, vile visivyohitaji oksijeni, na baadhi yao ndio wanaotengeneza methani, gesi ya kuwaka iliyomo ziwani.

Bahari inapumua. Karibu na Greenland na Antaktika maji ya juu hupoa mpaka yakawa mazito, yakazama pamoja na oksijeni yake na kutambaa juu ya sakafu kwa mamia ya miaka. Giza lipo, baridi ipo, chakula ni mabaki yanayodondoka taratibu kutoka juu, lakini hewa ipo. Watafiti walipochota tope mbele ya pwani ya New Jersey, Marekani, kwenye kina cha mita 2,000 hivi, vipande vyote vilivyochotwa vilikuwa na eneo la mita za mraba 21 tu. Darasa langu ni kubwa kuliko hapo. Walihesabu spishi 798, wengi wao minyoo, kombe wenye magamba na vidudu jamii ya kamba wa baharini vinavyotosha kwenye ukucha. Matokeo yalitoka mwaka 1992, na sehemu kubwa ya spishi hizo zilikuwa hazijawahi kupewa jina. Kila nikiisoma takwimu hiyo nasimama kidogo.

Na harufu ile ya yai bovu? Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye mita 2,500, watu waliokuwa ndani ya chombo kiitwacho Alvin walikuta chemchemi za maji ya uvuguvugu zikitoa gesi hiyo hiyo ya salfa, zimezungukwa na minyoo wenye urefu unaoweza kufika mita mbili. Hawana mdomo wala utumbo. Ndani yao wamebeba bakteria wanaochoma salfa kwa oksijeni na kuwalisha. Gesi inayofanya tope letu linuke, kule ni jiko. Kwetu jiko lipo, hewa ya kuwashia haipo.

Kuna jambo lingine ninalotaka papa alisikie. Mto Ruzizi unatokea hapa hapa mjini, unaingia Ziwa Tanganyika. Tanganyika hutoa maji kwa mto Lukuga hadi Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo. Sidai kwamba jani lililoanguka Nguba, hapa mjini, linafika baharini, litazama Tanganyika. Lakini majani na udongo wa misitu ya nchi hii hufika. Mdomoni mwa mto kuna korongo linaloendelea chini ya bahari, na tope huporomoka humo kwa nguvu. Januari 2020 poromoko moja lilikwenda zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za intaneti. Mwisho wa njia hiyo, kwenye mita 5,000 hivi, majani yetu yanaoza, yanatoa gesi ile ile, na juu ya tope hilo wanaishi kombe wanaolishwa na bakteria wao.

Alhamisi nikishuka tena kununua sambaza, nitaanzia kwenye kombe hao.