Jikoni kwa Mama, kabla ya kubomoa

Jumapili, usiku.

Leo nimepima jikoni kwa Mama. Futi nane kwa saba. Nilirudia kupima kwa sababu sikuamini. Humu ndimo tulimobanana watu sita kila asubuhi ya shule, mmoja akitafuta kiatu, mwingine akidai chai, na Mama katikati akigeuza chapati. Nyumba yenyewe iko Buruburu, hapa Nairobi, katika zile zilizojengwa miaka ya 1970: paa la vigae vyekundu, ngazi nyembamba, na kidirisha ukutani cha kupitishia sahani hadi sebuleni. Baba aliilipia mkopo miaka mingi mpaka akaumaliza. Jikoni hakukuguswa.

Mimi na ndugu zangu tumekuwa tukichanga tangu Januari ili tupatengeneze. Kwenye simu nilikuwa na picha nilizozikusanya kwa miezi, makabati meupe yanayofika darini, graniti nyeusi, taa zilizofichwa chini ya rafu. Nilizipenda kweli. Wiki hii nimeziweka kando, na nataka kuandika sababu nikiwa bado naikumbuka vizuri.

Jumatano fundi wa mabomba alifungua chini ya sinki. Mabomba ni ya chuma, yale ya zamani yaliyopakwa zinki. Alikata kipande cha urefu wa kidole akanipa. Kwa nje kilikuwa kizima. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa, tundu likabaki jembamba kama kalamu. Kumbe ndiyo maana maji ya kwanza ya asubuhi hutoka mekundu, na Mama huyakinga kwenye ndoo ya kupigia deki. Miaka yote tulidhani ni mambo ya mgao, kwamba maji yakikatwa siku tatu hurudi na uchafu wake. Fundi anasema bomba lote kutoka kwenye tangi hadi kwenye mfereji litolewe, liwekwe la plastiki linalounganishwa kwa moto, ambalo halishiki kutu. Kazi hiyo peke yake itameza karibu nusu ya pesa za makabati. Nimekubali. Ukijenga kabati mbele ya bomba linalooza, utalivunja mwenyewe baada ya mwaka, nalo litakuwa limeshafura, hasa likiwa la MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Chini ya sinki tutaweka slabu ya simiti na milango ya mbao tu.

Stima nayo. Soketi ni moja, na humo Mama amechomeka ekstensheni yenye friji, maikrowevu na birika. Birika lake ni la wati 2,200 na maikrowevu ni wati 1,200. Soketi ya ampea 13, kwa volti 240, hubeba wati 3,120 basi. Vikiwaka pamoja vimeshapita, hata kabla ya kuhesabu friji. Nilishika plagi ya ekstensheni baada ya chai nikakuta ina moto. Fundi wa stima mwenye leseni atakuja kuvuta nyaya mpya na kuhakikisha waya wa ardhini upo kweli, usiwe jina tu. Hili halina mjadala, hata kama rangi ya ukuta itasubiri mwakani.

Ijumaa jioni nilikaa mlangoni nikamtazama Mama akipika. Maji yalipochemka akamwaga unga, akakoroga, kisha akafanya jambo nililoliona maisha yangu yote bila kulitazama. Aliipua sufuria, akaiweka sakafuni juu ya kitambaa, akaibana kwa nyayo mbili, akainama, akasonga. Akairudisha motoni. Akaishusha tena. Mara tatu. Mama ana miaka 74. Mara ya tatu alishika ukingo wa sinki, akatulia kidogo, ndipo akaweza kusimama wima.

"Mama, mbona husongei hapo juu?"

"Hapo juu sina nguvu, mama. Mkono unaning'inia."

(Mimi nimepewa jina la mama yake, ndiyo maana naye huniita hivyo.)

Nilichukua futikamba. Mama ana kimo cha sentimita 150. Kaunta mafundi huiinua sentimita 90. Weka jiko la gesi juu yake, weka sufuria juu ya jiko, na mdomo wa sufuria unamfikia kifuani. Kusonga ugali kunataka uzito wa bega ushuke kupitia mwiko. Mwiko ukiwa usawa wa kifua, kinachosonga ni kiwiko peke yake. Zile picha zangu zote zilikuwa na kaunta moja iliyonyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Zingemrudisha sakafuni, safari hii juu ya vigae vinavyoteleza.

Kwa hiyo jana tulifanya majaribio uani. Seremala alipanga matofali, akalaza ubao, akaweka jiko na sufuria yenye unga mkavu. "Shosho, simama hapa usonge kama kawaida." Mama akasonga, akatikisa kichwa. Tofali likatoka. Akasonga tena. Tulikomea sentimita 58, na hapo ndipo slabu ya kuwekea jiko itakapokaa. Kilichobaki kilikuwa zile nyayo, maana sufuria ilikuwa ikizunguka na mwiko. Fundi wa chuma wa Kamukunji atatuchomelea kishikio kitakachofungwa kwenye slabu na kuibana sufuria.

Slabu ikiwa chini hivyo, mtungi wa gesi wa kilo 13 hautaingia chini yake, na hilo limenifurahisha. Utakaa nje, ndani ya kizimba cha wavu, na bomba lake litapita ukutani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini, kwa hiyo nimeomba tundu la hewa liachwe usawa wa sakafu pia, si kwenye dirisha pekee.

Sakafu hatujakubaliana. Ni ile ya simiti nyekundu tuliyokuwa tukiipaka nta kila Jumamosi kwa magoti. Kaka yangu anataka vigae. Mimi nataka ipigwe msasa ibaki, na Mama anasema tuamue wenyewe. Yeye ameomba kitu kimoja tu, kidirisha kisizibwe, kwa sababu hapo ndipo husikia nani ameingia.

Jumanne ukuta unafunguliwa. Kesho nitanunua turubai ya kuezekea kona ya uani lilipo jiko la makaa, maana kwa wiki tatu huko ndiko tutakakopikia. Mama ameshaanza kuhamisha sufuria, moja moja.