TV ya inchi 32 ina sauti, haina picha: nilivyoirudisha

TV ya flati ikitoa sauti huku kioo cheusi, wengi huambiwa kioo kimekufa. Usikubali upesi. Zima taa za chumba, washa TV, mulika tochi kwa ubavu karibu kabisa na kioo. Kwenye hii niliona menyu kama kivuli. Basi kioo kizima, zilizokufa ni taa za nyuma.

Nilichomoa waya ukutani, nikafungua mgongo, nikamaliza chaji ya kapasita kubwa kwa balbu ya nyuzi ya volti 220, maana hubaki na volti 300 na ushee. Taa zimeungwa mfululizo: moja ikikatika, zote huzimika. Ndiyo maana mita kwenye soketi ya taa huonyesha volti zikipanda mara moja kisha zikaanguka.

Kunyanyua kioo ndiko TV nyingi hufia mkononi mwa fundi. Ukingoni mwa kioo kuna tepe laini zinazokiunga na bodi yake; ikichanika moja, pasi ya risasi haiirudishi. Fungua bodi hiyo kwanza, kisha mnyanyue watu wawili kwa mara moja, bila kukipinda, mkilaze juu ya blanketi. Karatasi za kusambaza mwanga nilizitia alama pembeni zirudi kwa mpangilio uleule. Zishike kingo tu, alama ya kidole hubaki kama doa kwenye picha.

Chini yake kulikuwa na mikanda mitatu, kila mmoja taa 6 za volti 3, jumla volti 54. Taa moja ilikuwa na nukta nyeusi katikati. Nilibadilisha mikanda yote, kwa sababu zilizobaki zimeungua kwa joto lilelile na zitafuata. Usichanganye taa za volti 3 na za volti 6, hata kama mikanda inalingana kwa urefu.

TV ya chogo, ile ya zamani yenye bomba la picha, haikufa hivi. Ilififia polepole kwa miaka, na ugonjwa wake mwingi ulikuwa risasi iliyopasuka kwenye miguu ya flaibeki (transfoma inayozalisha volti kubwa za bomba), au transista kama D1555. Hatari yake ni volti 25,000 hivi kwenye kofia ya bomba la picha. Flati, kioo kikipasuka, usiinunulie kipuri: kioo kipya hukaribia bei ya TV nzima.

Kinachoua taa za nyuma za flati ni mkondo mkubwa wa umeme uliopangwa kiwandani. Kwenye saketi ya taa kulikuwa na rezista tatu zinazolingana, zimeungwa sambamba, za kupima mkondo. Nilitoa moja, mkondo ukashuka kwa theluthi moja. Asiyeshika pasi ashushe taa ya nyuma hadi 50 kwenye menyu. Asishushe ule mwangaza wa picha, kwani kwenye TV nyingi huo hubadilisha weusi wa picha tu, taa zikaendelea kuchemka vilevile.