Siku moja maishani mwangu: salmoni wa jioni huanza usiku wa kuamkia

Saa 4 usiku, kuamkia Jumatano

Kwa hesabu yetu siku huanza jua likizama, na kwa salmoni hesabu hiyo ndiyo sahihi. Samaki wa Jumatano jioni hutoka friza Jumanne usiku.

Hapa Bergen, Norwei, salmoni aliyeganda huuzwa vipande vipande, kila kimoja kimebanwa ndani ya plastiki isiyo na hewa. Leo ni vipande vitano vya gramu 160 kila kimoja, jumla gramu 800. Kabla havijaingia friji, plastiki ichanwe. Kuna bakteria wa sumu aitwaye Clostridium botulinum, hapendi hewa, na jamii yake mojawapo hukua hata kwenye baridi ya nyuzi 3 na kidogo. Samaki anayeyeyuka ndani ya plastiki iliyofungwa humtengenezea nyumba. Chana, panga vipande kwenye waya juu ya trei, ngozi chini, vifunike bila kubana, kisha rafu ya chini kabisa ya friji ili maji yake yasidondokee chakula kingine.

Mwenye haraka asikimbilie maji ya moto. Kingo zitaanza kuiva na katikati bado barafu.

Saa 11 na nusu alfajiri

Birika likiwa motoni, samaki anafutwa kwa karatasi ya jikoni, juu na chini, mpaka karatasi itoke kavu. Masala hayashiki kwenye maji, yanateleza na kuishia kwenye trei.

Kisha miba. Pitisha kidole kwenye mnofu, ukiguswa na kitu kama ncha ya sindano, kamata kwa kibano na uvute kuelekea upande wa kichwa, mkono wa pili ukikandamiza nyama pembeni. Ukivuta kuelekea mkiani unachana mnofu. Vipande vya mkiani havina miba hiyo, usipoteze muda navyo.

Sasa chumvi: gramu 8, yaani asilimia 1 ya uzito wa samaki. Bila mizani ni kijiko cha chai kimoja na robo cha chumvi laini. Nyunyiza upande wa mnofu, ukipunguza mkono kwenye ncha nyembamba. Chumvi hii ina kazi mbili. Kufika jioni inakuwa imezama ndani ya mnofu, kwa hiyo ladha haibaki juu juu. Halafu inapunguza ule utomvu mweupe unaotoka pembeni mwa salmoni akiwa motoni, ambao wengi hudhani ni mafuta. Ni protini tu, albumini, inayokamuliwa na joto. Haina madhara, ila sahani inaonekana kama imemwagikiwa maziwa yaliyokatika.

Masala ya vipande vitano:

thomu punje 4 na tangawizi kipande cha gramu 10, vitwangwe pamoja. Bizari nyembamba kijiko cha chai 1, ikaangwe kavu kisha isagwe. Dania ya unga kijiko cha chai 1. Bizari ya manjano nusu kijiko cha chai. Pilipili manga nusu. Pilipili nyekundu ya unga kijiko cha chai 1 kwa rangi zaidi kuliko ukali. Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3.

Mafuta yapate moto mdogo. Thomu na tangawizi viingie dakika moja, vikitoa harufu lakini bila kubadilika rangi. Unga wote uingie sekunde 30, kisha epua mara moja, maana manjano ikiungua huwa chungu na uchungu huo hautoki kwa sukari wala kwa tui. Kuna sababu ya kukaanga badala ya kupaka mabichi: harufu ya viungo hivi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachokula nyama, na ikikaa na salmoni mchana kutwa, uso wa mnofu unakuwa kama uliotafunwa. Moto unakiua.

Saa 12 na robo asubuhi

Masala yapoe kabisa, yakiwa ya moto yataanza kumpika samaki. Kabla kijiko hakijagusa samaki mbichi, theluthi moja inawekwa kando kwenye kikombe kwa ajili ya mchuzi. Iliyobaki inapakwa upande wa mnofu peke yake, tabaka jembamba, mnofu uonekane kwa chini. Ngozi isiguswe. Funika, friji, nyuzi 4.

Hapa ndipo aliyezoea changu na tasi hukosea. Changu anakamuliwa ndimu, anatiwa chumvi, anasubiri makaa yashike, na hakuna ubaya, kwani nyama yake imekaza na haina mafuta mengi. Salmoni wa kufugwa ni tabaka nyembamba za nyama zilizotenganishwa na mafuta. Ndimu ikikaa juu yake saa moja, uso unageuka mweupe na mkavu kama chokaa, ndani bado mbichi, na akitoka motoni anakuwa na ukingo mgumu unaomeguka unga. Kumlaza kwenye ndimu usiku kucha, kama maelekezo mengine yanavyoshauri, ni kumharibu samaki wa bei. Na papai bichi la mishkaki lisimkaribie kabisa. Nyama ya ng'ombe inalihitaji, salmoni atakuwa uji.

Kwa hiyo asubuhi ni chumvi na mafuta. Uchachu ni wa jioni.

Saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni

Kazini. Samaki anajiroweka mwenyewe, hana haja ya kugeuzwa. Angalizo moja tu la ofisini: kiporo cha salmoni huliwa baridi. Anayekipasha kwenye maikrowevu ya wote atasikia maneno mpaka Ijumaa.

Saa 10 na dakika 40 jioni

Oveni iwashwe kwanza, nyuzi 200, trei iwe ndani ipate moto. Ukwaju gramu 30 uloweke kwenye maji ya moto mililita 80, ufikiche, uchuje. Vijiko vikubwa viwili vya maji hayo mazito vichanganywe na kijiko cha chai kimoja cha asali na maganda ya ndimu moja yaliyokwanguliwa, ile kijani tu, kwani nyeupe ni chungu. Pakaza juu ya masala ya asubuhi, samaki akae nje ya friji dakika 20. Uchachu unatosha kwa muda huo, na ubaridi mkali unamtoka, aive sawasawa.

Asali isizidi. Kwenye moto wa juu wa oveni inaungua kabla samaki hajaiva.

Saa 11 jioni

Karatasi ya kuokea juu ya trei ya moto, vipande ngozi chini, nafasi ya vidole viwili kati yao. Vikibanana vinatoa mvuke na kuchemka badala ya kuokwa. Vipande vya mkiani vikunjwe, ncha nyembamba iingie chini, unene ulingane na vingine.

Kipande cha unene wa sentimita 3 kinataka dakika 11 hadi 13. Saa ya ukutani ni ya kukukumbusha tu, anayeamua ni kipimajoto. Dakika ya 9, choma ncha yake katikati ya kipande kinene zaidi. Kwenye nyuzi 46 washa moto wa juu dakika mbili, masala yapate madoa meusi meusi. Toa kwenye nyuzi 51, akikaa dakika 4 nje atapanda mwenyewe mpaka karibu 55, na mnofu utaachana kwa uma huku katikati uking'aa kidogo. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, mpishie mpaka 63, kiwango ambacho mamlaka za chakula za Marekani hukitaja kwa samaki. Atakuwa mkavu zaidi, ndiyo maana kuna mchuzi.

Asiye na kipimajoto achomeke kisu chembamba katikati, ahesabu hadi tano, akiguse kwenye mdomo wa chini. Kikiwa baridi, bado. Kikiwa vuguvugu, toa. Kikikuunguza, umechelewa.

Wanaotaka ngozi ya kukauka kama chipsi, oveni haitawapa. Watumie kikaango: ngozi ifutwe tena mpaka ikauke, masala mengi yapanguswe juu, moto wa wastani, kandamiza kwa kijiko sekunde 20 za mwanzo ngozi isijikunje, dakika 5 au 6 upande wa ngozi, kisha geuza dakika moja. Ikiwa ngozi imeng'ang'ania kikaango, usiivute. Bado haijaiva, ikiiva itaachia yenyewe.

Saa 11 na robo

Samaki anapumzika, mchuzi unamalizika. Yale masala ya kikombe yaingie kwenye sufuria na tui mililita 200, yachemke pole pole mpaka libaki nusu, kisha maji ya ukwaju yaliyosalia. Kwa samaki wa kupaka wa changu tui huwa zito na jingi. Kwa salmoni hayo ni mafuta juu ya mafuta, na kufika kipande cha pili umekinai. Uchachu ushinde kidogo, tui liwe la kusindikiza. Wali mweupe, kachumbari yenye ndimu ya kutosha, basi. Mayonesi ibaki kwenye friji.

Saa 1 usiku

Kilichobaki kiingie friji kabla ya saa mbili kupita tangu kitoke motoni, na kiliwe ndani ya siku mbili. Kimeguliwe baridi kwenye mkate na kachumbari. Trei na kikaango vioshwe kwanza kwa maji baridi, kwani maji ya moto yanagandisha ile protini kwenye chuma na harufu inalala nayo, kisha sabuni na maji ya moto, na mwisho lile ganda la ndimu lililobaki, lisuguliwe mpaka pembeni.