Vidole, mayai ya kuku na swichi iliyo mbali

Katika elimu ya viinitete hakuna swali linalonivutia kuliko hili: seli zilizo upande wa kidole gumba hujuaje kwamba hazipo upande wa kidole cha mwisho, ilhali zote zimebeba jeni zile zile? Mkono wa binadamu huchomoza ubavuni mwa kiinitete katika wiki ya nne, ukiwa kivimbe kisicho na mfupa wala kidole, na mguu hufuata muda mfupi baadaye. Jeni iitwayo TBX5 hufanya kazi katika chipukizi la mkono, na TBX4 katika lile la mguu, lakini nyingi kati ya jeni nyingine zinazohusika ni zile zile kotekote.

Majibu ya mwanzo yalitoka kwenye mayai ya kuku. Mwaka 1948 mwanabiolojia wa Marekani, John Saunders, alichapisha matokeo ya kuondoa ukingo mwembamba wa ngozi ulioko kwenye ncha ya chipukizi la bawa. Ukingo ukiondolewa mapema, bawa huishia karibu na bega. Ukiondolewa baadaye, hukosekana sehemu za mwisho tu. Leo tunajua kwamba ukingo huo hutoa protini za kundi la FGF, kwa kuwa shanga ndogo iliyolowekwa katika protini hizo huweza kushika nafasi yake na bawa likaendelea kurefuka.

Hata hivyo, ni jaribio lake jingine ambalo mimi huliona zuri zaidi. Mwaka 1968 Saunders na Mary Gasseling walieleza jinsi kipande cha tishu kutoka ukingo wa nyuma wa chipukizi, kikipandikizwa upande wa mbele, kinavyozalisha seti ya pili ya vidole iliyogeuzwa kama taswira ya kioo. Ilibidi kungoja hadi 1993 ndipo maabara ya Clifford Tabin, huko Harvard, ilipoonyesha kwamba kinachofanya kazi katika tishu hiyo ni jeni ya Sonic hedgehog, ambayo, ndiyo, ilipewa jina la mhusika wa mchezo wa kompyuta. Protini yake husambaa kutoka upande wa kidole cha mwisho, na seli husoma mahali zilipo kwa kiasi cha protini kilichozifikia na kwa muda zilizokaa nayo. Kidole gumba ndicho kisichoihitaji.

Jeni hiyo inahitajika pia katika ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo mnyama hawezi kuipoteza na akaishi. Kinachoiwasha katika mikono na miguu ni kipande kifupi cha DNA kiitwacho ZRS, kilichoko umbali wa herufi takriban milioni 1 kutoka kwenye jeni yenyewe, tena ndani ya jeni nyingine kabisa. Herufi moja ikibadilika humo, jeni huweza kuwaka pia upande wa mbele, na kidole cha ziada kikaota kando ya gumba. Ndivyo ilivyo kwa paka wa nyumba ya mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, huko Key West, Florida. (Kidole kidogo cha ziada ambacho watoto wengi wa kwetu huzaliwa nacho huota upande wa pili, na kwa kawaida chanzo chake ni tofauti.)

Nyoka nao wana ZRS, ila imeharibika. Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walibadilisha ZRS ya panya kwa ile ya swila, kisha kwa ile ya chatu, na panya hao wakazaliwa na viungo vifupi mno, vilivyokaribia kutokuwepo. Walipoirejeshea ZRS ya chatu herufi 17 ambazo nyoka wamezipoteza, panya waliopewa kipande hicho kilichorekebishwa walipata miguu ya kawaida.