Mshauri, Kocha na Ufunguo wa Droo

Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka, malori mawili yaliyobeba mzigo wangu yalikuwa kwenye foleni ya mpakani Busia. Zuio lenyewe lilidumu siku chache tu, lakini lilipoondolewa lilikuja na masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mimi, niliyezoea kununua mahindi Masindi na Kiryandongo kwa kuuma punje ili nijue kama zimekauka, nilitambua kwamba biashara aliyoniachia marehemu mume wangu, ambayo ninaimiliki nusu kwa nusu na shemeji yangu, isingemaliza mwaka bila mtu wa kutuonyesha njia.

Tukamwajiri mshauri mwelekezi kutoka Kampala. Kazi yake iliandikwa katika hadidu za rejea: akague ghala, aeleze kasoro, apendekeze marekebisho na kukabidhi ripoti, nasi tumlipe kwa awamu tatu kadiri kazi inavyokamilika. Sina la kumlaumu. Alituonyesha magunia yaliyolazwa juu ya saruji na kuegemezwa ukutani, mahali yanapovuta unyevu. Akaagiza chaga za mbao, maturubai ya kuanikia na kipima unyevu. Akatufundisha kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 yasivuke mlango wa ghala, kwa kuwa kuvu ikishatoa sumu yake, kuanika upya hakuiondoi. Kila nilichouliza alikijibu, na ndicho nilichomlipia.

Hata hivyo, msimu uliofuata tulirudishiwa mzigo mara mbili. Ripoti ilikuwa kabatini, vifaa vyote tulikuwa navyo, na mimi sikuwa na shaka kwamba tatizo ni vijana wa ghala, ambao kila niliposafiri walipokea mahindi yasiyokauka. Nilikuwa tayari kumwita mshauri aandike ripoti ya pili. Binti yangu ndiye aliyesema nitafute kocha. Shemeji alicheka, akaniuliza tunasajili timu gani, maana kwetu ukitaja kocha watu wanafikiria mpira.

Kocha aliyekuja, mama wa makamo kutoka Jinja, alinichanganya tangu siku ya kwanza. Hakuwa anajua mahindi, wala hakulificha hilo. Mkataba wake haukutaja ripoti yoyote bali vikao sita vya saa moja moja, tena ulikuwa na kifungu kinachosema kwamba nitakayomweleza hatamwambia mtu mwingine, hata shemeji anayelipa nusu ya gharama. Kifungu hicho kilileta ugomvi nyumbani, na sidhani kama shemeji alikosea kabisa, kwa sababu anayelipa hupenda kuona alicholipia. Katika kikao cha kwanza nilimwuliza wazi, "Dada, ingekuwa wewe ungefanyaje?" Akanijibu, "Ghala si langu, Mama. Wewe umeshajaribu nini?" Siku hiyo nilirudi nyumbani nikizihesabia hasara fedha zangu.

Kikao cha tatu tulikaa ghalani, juu ya magunia matupu, nami nikaanza kuwalalamikia vijana kama kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akauliza, "Ukiwa Masindi, kile kipima unyevu kinakaa wapi?" Nikamwambia kinakaa kwenye droo ya meza yangu, kwa kuwa ni kifaa cha bei, na droo ninaifunga.

"Na ufunguo?"

Nilifungua fundo la leso kiunoni. Zikatoka funguo nne: wa droo, wa ghala la ndani, wa stoo ya maturubai na wa sanduku la fedha. Hakusema neno. Nami nilikaa kimya nikizitazama.

Mshauri asingeweza kuliona jambo hilo, kwa sababu aliitwa kuchunguza ghala, hakuitwa kunichunguza mimi. Na hata angeliandika kwenye ripoti, najijua, ningeukunja ukurasa ule. Yeye alibeba dhamana ya jibu: kama kiwango cha 13.5 kingekuwa na kosa, ningemshika yeye. Kocha hakubeba jibu lolote, na yote yaliyofuata baada ya kikao yalikuwa juu yangu, pamoja na aibu yake. Vikao viwili vilivyofuata vilikwisha kwa swali moja tu, la nani nimkabidhi ufunguo na ninaogopa nini, na nilichokuwa ninaogopa sitakiandika hapa. Mwishowe nilimpa msimamizi wa ghala, pamoja na daftari la kuandikia kipimo cha kila gari linaloingia.

Vikao vikikaribia kwisha, shemeji alitaka tununue mashine ya kukaushia, nami nikampelekea kocha swali hilo. Alikataa kulijibu, alisema hilo lina mtu anayelijua, na mtu huyo si yeye. Tukamrudia mshauri wa Kampala. Safari hii hadidu za rejea hazikuzidi ukurasa mmoja, na aliyeziandika ni msimamizi wa ghala.